Mafua ya Hervé na Viatu Vyangu vya Jumapili

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Solo amepewa Hervé. Hervé!

Kwaya yetu ya Wamaza imealikwa kuimba Kasongo, Jumapili ya tarehe 17, kwenye jubilei ya kanisa. Kwaya zote za kusini mwa jimbo la Maniema zitakuwepo. Na watu wa redio. Zaburi yetu ina beti mbili za mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiandaa kuzipokea kwa unyenyekevu. Tangu Pasaka nafanya mazoezi ya unyenyekevu mbele ya kioo. Leo Mama Odile, prezida wa kwaya, akasimama, akasafisha koo, akasema beti zote mbili ni za Hervé.

Nikauliza, kwa upole kabisa, kwa nini si mimi. Akanijibu mbele ya sauti zote nne: "André, sauti yako iko muzuri, lakini ni sauti ya kusindikiza." Ya kusindikiza! Kumbe mimi ni sombe, mboga ya kando tu, na Hervé ndiye bugali.

Ubaya wa Hervé ni kwamba ni mtu mwema. Ni seremala, hasemi mtu vibaya, alinitengenezea meza ninapochajia simu za watu na hakunisumbua hata siku moja. Huwezi kumchukia mtu kama huyo ukastarehe. Unamchukia kwa taabu.

Habari njema moja tu: wakati wa kushukuru, alikohoa.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Hervé ana mafua. Pua inatiririka, macho mekundu. Vumbi la kiangazi, anasema. Mimi nasema ni haki.

Leo nimefanya jambo la akili. Katika kwaya yetu hakuna mazoezi bila kikombe cha sauti. Mama Odile anachemsha maji, anatia tangawizi na chumvi, anamimina ndani ya kikombe kimoja kikubwa cha bati, na kikombe kinapita mdomo kwa mdomo, kuanzia kina mama wa sauti ya kwanza mpaka wanaume wa besi. Hakioshwi katikati. Kukiosha ni kusema mwenzako mchafu, na kukikataa ni kuonyesha una kinyongo. Mama Odile anasema tukinywa pamoja sauti zinaingiana.

Hervé alitaka kukikataa kwa sababu ya kikohozi. Mama Odile akamkazia macho. Akanywa.

Hapo ndipo nilipofikiri. Kama sauti zinaingiana kupitia kikombe, basi sauti ya Hervé imo humo, kwenye ukingo. Nikaacha nafasi yangu mwishoni, nikajisukuma mpaka karibu naye, nikapokea kikombe, nikakigeuza pole pole hadi alama ya mdomo wake, nikanywa pale pale. Mafunda matatu makubwa. Mama Odile akasema anafurahi kuona nimemsamehe Hervé.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nina mafua.

Siyo mimi tu. Kina mama wa sauti ya kwanza wanapiga chafya kama mbuzi. Besi hawana besi. Mama Odile amejaribu kutupatia nota ya kuanzia, ikatoka hewa tupu. Mazoezi yamevunjika. Amesema tukiendelea hivi Kasongo tutaenda kusikiliza wengine.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Nilikunywa kwa Hervé nipate sauti, nikapata kamasi! Sauti yenyewe imebaki kwake, nayo imekauka. Hakuna aliyefaidika.

Lakini kitandani nimepata wazo. Kwaya inaumwa. Atakayeiponya ndiye atakayeimba. Mama Odile hawezi kumnyima solo mtu aliyeokoa koo lake. Na dawa naijua: vile vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu, nusu vya njano. Hapa kwetu vinaponya kila kitu. Ukiwa na homa unameza. Ukiwa na kidonda unakipasua kidonge unamwagia unga. Mjomba wangu aliwahi kumpa kuku.

Kesho Kabambare.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Safari ya Kabambare kwa pikipiki. Mashimo, vumbi, mashimo ndani ya mashimo. Kwenye soko nikamkuta Kamaldine, yule anayetembeza dawa kwenye sinia kubwa kichwani, vidonge vimepangwa kwa rangi kama shanga, jua linavipiga tangu asubuhi. Ndevu zake ni za mtu mkweli. Nikamwambia nataka mkebe mzima wa rangi mbili.

Akatazama miguu yangu. Akasema viatu hivyo ni vizuri.

Ni viatu vyangu vya Jumapili. Vyeusi, vya ngozi, vyenye ncha. Nilivivaa ili niheshimiwe Kabambare. Tumebishana mpaka koo likazidi kuniuma. Mwishowe nimeondoka na mkebe wa vidonge na kandambili kuukuu za Kamaldine, ambazo alinipa, alisema, kwa urafiki.

Njiani, kwenye mteremko, kandambili ya kulia ikateleza na kifundo cha mguu kikagusa bomba la moshi la pikipiki. Mama yangu! Nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Laiti Mama Odile angeisikia. Dereva akasema kama ningevaa viatu nisingeungua. Watu wengine hawajui wakati wa kunyamaza.

Nimepaka mafuta ya mawese. Si kitu.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Baada ya misa nimewagawia wanakwaya wote. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, mpaka mkebe uishe. Wamenishukuru sana. Mama Odile amenishika mikono miwili na kuniita mwanangu. Nilimtazama kwa unyenyekevu, ule ule wa kioo.

Wote wamepata, isipokuwa Hervé. Nilimsahau. Nilimsahau alipokuwa amesimama mbele yangu amenyoosha mkono.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Kero! Sidonie, muuguzi wa kituo cha afya, amenijia mpaka kwenye meza yangu, mbele ya wateja na simu zao. Amesikia habari za mkebe.

Aliniuliza nani amenipa ruhusa. Nikamwambia upendo. Akavuta kiti, akakaa, na mtu akivuta kiti bila kukaribishwa ujue utafundishwa.

Alisema mafua yetu ni kazi ya virusi, na vidonge vyangu ni antibiotiki, yaani dawa ya bakteria, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nikamwambia vyote havionekani, basi tofauti iko wapi? Akasema bakteria ni kiumbe kamili. Kadogo, lakini kana nyumba yake, kana jiko lake, kanakula, kanajigawa. Antibiotiki inabomoa nyumba hiyo, au inaharibu jiko, na kiumbe kinakufa. Virusi hana nyumba wala jiko, ni mdogo mno kuliko bakteria. Anaingia ndani ya chembe za mwili wako, anakamata jiko lako wewe, anapikia ukoo wake humo. "Sasa, André, dawa yako itabomoa nyumba gani? Iko wapi?"

Nilipiga chafya.

Akaendelea. Kipindupindu ni bakteria. Kifua kikuu ni bakteria. Kidonda chenye usaha, mara nyingi bakteria. Surua ni virusi, polio ni virusi, na kwa hizo mbili kuna chanjo. Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaua: unapumzika, unakunywa maji, unafunika mdomo, na mwili wenyewe unayafukuza ndani ya wiki hivi. "Inapitaka yenyewe," alisema. Na hicho kikombe chenu, akasema, ndicho kilichowagawia. Kila mtu awe na chake.

Kisha akasema neno baya kuliko yote. Kwamba bakteria wengine ni wema. Wamo tumboni wanatusaidia. Hata mihogo tunayoiloweka mpaka inalainika na kunuka uchachu, ni bakteria wanaofanya kazi hiyo. Na vidonge vyangu, vikikosa adui, vinapiga marafiki.

Nimemwelewa vizuri sana: ana wivu. Muuguzi anayemwambia mgonjwa asubiri! Hata mimi naweza kuwaambia watu wasubiri.

Lakini hayo ya mihogo yameniharibia siku. Jioni nimeutazama bugali wangu wa mihogo muda mrefu. Sikuula. Nimelala na njaa kwa sababu ya mwanamke yule.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Mafua yanapungua! Mama Odile ametoa nota ya kuanzia na ikasikika. Dawa imefanya kazi! Nilisimama katikati ya kwaya nikasubiri kupongezwa.

Hervé naye akaingia. Amepona kabisa. Sauti inang'aa. Mtu mmoja wa besi, mbishi wa kuzaliwa, akauliza imekuwaje Hervé amepona sawa na sisi bila kumeza hata kidonge kimoja. Nikamweleza kwamba dawa ya nguvu kama ile inafika hadi kwa jirani. Hakuridhika.

Sikupata nafasi ya kumaliza maelezo. Mama Odile, katikati ya aleluya, alishika tumbo, akaweka kitabu chini, akatoka. Hakutembea. Akafuata mmoja wa sauti ya kwanza. Halafu wawili. Halafu besi wote kwa pamoja, na hawa hawajawahi kuanza pamoja tangu kwaya iundwe. Choo cha parokia ni kimoja. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu nafasi yangu daima ni ya mwisho.

Kanisani alibaki Hervé peke yake, akiimba beti zote mbili kwa ajili ya viti.

Mama Odile aliporudi alinitazama kwa namna ambayo siandiki. Aliuliza ni nini nilichowalisha. Nikasema marafiki ndio waliopigwa, siyo adui, kama alivyoeleza Sidonie. Nilidhani elimu ingemtuliza. Amenifukuza kwenye kwaya.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Nimerudishwa!

Ni Hervé. Alikwenda kwa Mama Odile bila kuniambia. Alimweleza kwamba ubeti wa pili unapanda juu mno kwake, na kwamba mtu pekee anayeufikia Wamaza nzima ni mimi. Hata mimi sikujua kama anajua. Mama Odile akaniita, akaniuliza kama ninaweza kukaa mpaka Jumapili bila kupata wazo lolote. Nikaapa. Akasema basi, ubeti wa kwanza Hervé, ubeti wa pili André.

Ubeti wa pili! Kasongo! Nimefurahi mpaka nimekula bugali, na bakteria wake wote.

Vidonge vilivyobaki Mama Odile amevitupa vyote chooni. Matumbo yanatulia. Pia amempa Sidonie nafasi ya kusema mbele ya kwaya, na kuanzia leo kila mtu anakuja na kikombe chake, jina limeandikwa kwa rangi. Huzuni tupu. Umoja umekwisha.

Jambo dogo: kifundo cha mguu. Pale palipoungua pamevimba, pamekuwa na moto, na kuna usaha kidogo. Zamani ningekimbilia dawa. Lakini mimi ni mtu wa kujifunza. Sidonie alisema subiri, mwili utafukuza wenyewe. Nasubiri. Nimeongeza mawese.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Mguu haujapita wenyewe. Umefika kwenye goti, yaani uvimbe umefika. Kuna mstari mwekundu unapanda. Nimeutazama nikafikiri labda ndivyo unavyotoka, kwa kupanda.

Hervé aliniona nikichechemea akanisihi niende kwa Sidonie. Nikamwambia namtii Sidonie kuliko yeye anavyomtii. Nimefanya kama alivyotuagiza: nimepumzika, nimekunywa maji, nimefunika mdomo.

Kesho alfajiri tunaondoka. Nimefua shati jeupe. Viatu sina, lakini redio haionyeshi miguu.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Naandika kutoka kitandani, kituo cha afya.

Alfajiri pikipiki zote zilikuwa zimejipanga, wanakwaya wawili wawili, magauni yamefungwa kwenye plastiki kwa sababu ya vumbi. Nilipanda nyuma. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na jasho linanitoka. Dereva akawasha, pikipiki ikaenda, mimi nikabaki. Nilidondoka chali barabarani na kikombe changu mkononi.

Mama Odile alilia, hilo nilisikia. Hervé alitaka kubaki nami. Nikamwambia akibaki nani ataimba. Wakanibeba hadi kwa Sidonie, kisha wakaondoka, kwa sababu Kasongo ni mbali. Nilisikia pikipiki moja baada ya nyingine mpaka sauti ikaisha. Nimelia mimi pia. Sioni aibu kuiandika. Nilikuwa nautaka ubeti ule kuliko kitu chochote.

Sidonie alifunua mguu. Akakisafisha kidonda kwa maji na sabuni, akatoa usaha, nikaita majina ya watakatifu ambao sikujua nawajua. Akanidunga sindano. Antibiotiki! Nilikataa. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe: inapita yenyewe.

"Weye André," akasema, "kwa mafua ulitafuta dawa. Kwa kidonda ukatafuta uvumilivu. Kichwa yako inatembeaka kinyumanyuma?" Mafua ni virusi, akarudia, kidole kimoja. Kidonda hiki ni bakteria, kidole cha pili. Hawa wana nyumba, na leo tunaibomoa. Akasema ningengoja siku mbili zaidi wangeingia kwenye damu, na hapo asingekuwa ananitukana, angekuwa anamtafuta padri.

Niliogopa. Niliogopa kweli.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Homa imeshuka. Mchana simu ikalia. Hervé, kutoka Kasongo! Nyuma yake kelele za watu na ngoma. Alisema misa imekwisha, sasa ni zamu za kwaya, wao ndio wanaofuata, na Mama Odile amekubali: ubeti wa pili nitauimba mimi, kwa simu, naye Hervé ataishika simu kwenye kipaza sauti.

Nikakaa kitandani wima. Nikamwomba Sidonie asifungue maji. Nilisikia kwaya ikianza. Nilimsikia Hervé kwenye ubeti wa kwanza, na sitaki kuandika jinsi alivyoimba, lakini aliimba. Kisha kimya. Kimya changu.

Nikaimba. Ubeti mzima, mpaka kule juu anakoogopa Hervé. Wagonjwa wakageuka kunitazama. Mama mmoja mwenye mtoto akaanza kunipokea kwa sauti ya chini. Nilipomaliza wakapiga makofi, na Sidonie, akiwa mlangoni na beseni, alisema sauti ile si ya kusindikiza.

Nikaweka simu sikioni nisikie Kasongo wanasemaje. Mtandao ulikuwa umekatika. Sidonie alitazama kioo cha simu, akahesabu dakika, akasema umekatika tangu ubeti wa kwanza ulipoisha.

Sijui nani wa kumlaumu. Natafuta.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Kwaya imerudi. Kumbe walingoja. Hervé alishika simu juu muda mrefu, umati wote kimya, ikatoa mluzi tu. Halafu akauimba ubeti wa pili mwenyewe, pale juu sauti ikapasuka, akauendeleza hivyo hivyo, na akatangaza kwenye redio kwamba ubeti huo ni wa André wa Wamaza ambaye ni mgonjwa. Jina langu limesikika Maniema nzima kama la mgonjwa. Nimeshukuru. Nimekereka. Vyote viwili.

Sidonie ameniruhusu niende nyumbani. Amenipa vidonge vya kuendelea, na amenifanya nirudie kwa mdomo mara tatu: nitavimeza vyote mpaka kimoja cha mwisho, hata nikijisikia nimepona, kwa sababu nikiacha katikati wanabaki bakteria wagumu, na hao watarudi dawa isiwaweze. Nimeapa. Kwa mikono miwili.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Nimepona. Karibu. Mguu wa kulia bado umevimba kidogo, lakini natembea.

Leo Kamaldine amepita hapa na sinia lake, akienda Lusangi kuwauzia wachimba dhahabu. Viatu vyangu amevifunga shingoni kwa kamba zake. Viatu vyangu! Nimeongea naye kama mtu mzima na mtu mzima. Alivitazama vidonge vya Sidonie, vilivyobaki nusu, akasema hivi ni vya kweli, vya kituo. Tumebishana. Kwa nusu ile amenirudishia kiatu kimoja.

Nimechagua cha kushoto. Cha kulia kisingeniingia hata hivyo.

Mguu una moto kidogo jioni hii. Utapita wenyewe.

Hervé pia alikuja kunitembelea. Safari na vumbi vimemrudishia mafua, sauti imekwama. Ametoa habari: Mama Odile ameanza kufikiria nani ataimba solo ya Noeli. Alisema hivyo, akatoka nje kupenga kamasi, ni mtu mstaarabu, na kikombe chake kikabaki mezani, HERVÉ kwa rangi ya buluu, chai imefika nusu.

Nilisikiliza. Alikuwa bado anapenga. Nikakigeuza kikombe pole pole, nikaitafuta alama ya mdomo wake, nikanywa.